Sura ya Sita: Nusu Mita

"Ndiyo, nimeivunja," alisema Habibah. "Andika hivyo hivyo. Usiandike 'anadaiwa'. Andika Habibah binti Swabur, miaka sabini na sita, amechukua jembe yake mwenyewe, ameivunja hiyo kaburi saa moja ya asubuhi watu wakiona. Na mkono haukutetemeka."

Inspekta Akello aliandika. Aliandika polepole, kwa herufi zilizosimama, kisha akamsomea. Habibah alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Umesahau mkono."

Akello akaongeza: mkono haukutetemeka.

Walikuwa wamesimama katika makaburi ya mtaa wa Kambi Pembe, katikati ya mji wa Tororo. Upande mmoja, nyuma ya ukuta mfupi, makondakta wa stendi walikuwa wakiita abiria wa Mbale. Upande wa pili jengo la ghorofa nne lenye vioo vya buluu lilikuwa limeficha nusu ya mwamba wa Tororo. Msikiti mdogo wa matofali ulikuwa upande wa kaskazini, na makaburi yalianzia mgongoni mwake kurudi kusini. Chini ya miguu yao kulikuwa na vipande vya jiwe la kaburi. Akello alikuwa amevipanga juu ya gunia, na maneno yalisomeka: Imamu Juma bin Aziz, alifariki 1911.

Mlalamikaji alikuwa Hajji Jamilu, mwenye malori Busia. Alisema Imamu Juma ni baba wa babu yake, na ndiye aliyeanzisha Kambi Pembe alipokuja na msafara wa Waarabu kutoka pwani. Makaburi mawili ya pembeni, alisema, ni ya wake wa imamu. Kwa nguvu ya makaburi hayo matatu alikuwa ameomba hati ya ardhi yote: msikiti, makaburi, na nyumba arobaini na moja. Bodi ya ardhi ilikuwa inakaa kesho saa nne. Saa tatu, kabla bodi haijakaa, Habibah alitakiwa kufikishwa mahakamani kwa kosa la kuvunja kaburi.

"Jaja, ungekuja kwetu kwanza," Akello alisema, akimwita bibi kwa heshima.

"Nilikuja mara tatu. Askari wenu wa kaunta akaniambia, mzee, makaburi haioti kama uyoga. Nikamwambia, hizi zimeota. Akacheka." Habibah alinyoosha kidole kwenye kona ya kusini mashariki. "Pale palikuwa na ghala ya pembe za ndovu, ile ya wazee. Jamilu aliinunua kwa warithi, akazungusha mabati mwezi wa tatu, akasema anabomoa. Akazungusha na kona yetu ya makaburi ndani. Mwezi wa tano mabati yakatoka. Ghala hakuna, kaburi tatu zipo. Na ukungu wa kijani juu yake!"

"Nani mwingine anajua kwamba hapakuwa na kitu?"

"Wote wanajua. Waulize kama watasema."

Akello alikuwa amekwisha kuwauliza. Nyumba kumi na moja. Nane hawakumbuki. Mbili walisema wao ni wapangaji tu. Mmoja alifunga mlango kabla hajamaliza salamu.

"Wanaogopa," Habibah alisema. "Wameambiwa, atakayenyamaza atapewa chumba katika ghorofa mpya. Mimi sitaki chumba. Na kuna neno moja ukalisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wengine. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Kirewa."

"Basi sikia. Wazee wangu hawakuwa malaika. Walinunua pembe hapa, na walinunua watu pia. Bibi yangu, mama ya baba, alitolewa huko kwenu Kirewa kwa doti mbili za nguo ya kaniki. Akaletwa hapa, akaitwa Mwanaidi, jina lake la kwanza hakuna anayelijua. Kaburi yake ni ile." Alionyesha kaburi la mawe lililozama karibu na ukuta wa msikiti. "Reli ilikuja ikatukuta. Maduka ya Wahindi yakaja yakatukuta. Baraza la mji likaja likatuzunguka, likatuita wavamizi. Bibi yangu alinunuliwa kuletwa hapa. Mimi hakuna mtu wa kuninunua kunitoa."

Akello aliandika jina: Mwanaidi. Alifungua futi yake ya chuma.

Hakupenda kuanza na kumwamini mtu wala kutomwamini. Alianza na vitu vinavyopimika. Kwa saa nzima alipima makaburi yote, thelathini na nne ya zamani, kumi na tisa ya karibuni, na matatu ya Jamilu. Alichukua vipimo viwili kwa kila kaburi, kutoka ukuta wa msikiti hadi upande wa kichwa, na kutoka ukuta huohuo hadi upande wa miguu, kwa sababu ramani yenye pointi moja si ramani. Kaburi la Mwanaidi: kichwa mita mbili na sentimita ishirini, miguu mita mbili na sentimita ishirini. Kaburi la Imamu Juma, ambalo msingi wake jembe halikuufikia: kichwa mita kumi na nne na sentimita kumi, miguu mita kumi na tatu na sentimita sitini. Alidhani futi imelegea kwenye majani. Akapima tena. Ikatoka vilevile. Akaandika, akaendelea.

Kisha akaokota kipande cha tofali kutoka kwenye kaburi lililovunjwa.

Hapo alikuwa na tumaini. Tofali za siku hizi za Tororo ni ndogo, na mtu anayejenga kaburi la uongo hununua za siku hizi. Alipima kipande kile, akaenda kupima tofali za msikiti, zilizochomwa na wazee wenyewe. Urefu mmoja, unene mmoja, udongo mwekundu uleule wenye chembe za mchanga mweupe. Saruji hakuna, ni udongo na chokaa.

Alimpigia simu Obore, mkuu wake wa upelelezi.

"Tofali ni za zamani, afande."

"Kwa hiyo kaburi ni ya zamani."

"Kwa hiyo tofali ni za zamani. Ghala la pembe lilikuwa la tofali hizohizo, na lilibomolewa na Jamilu."

"Hiyo ni hadithi nzuri, Akello. Magistreti atakuuliza, umemwona akizibeba? Utasema nini?"

"Nitasema sikumwona. Tukifukua?"

"Amri ya kufukua ni siku kumi, kama wakili wa Jamilu amelala. Na huyo halali usingizi." Obore alivuta pumzi. "Huyo mzee amekiri kwa mdomo wake mbele ya stendi nzima. Kama huna kitu mpaka kesho saa mbili, nampeleka. Sipendi, lakini nampeleka."

Jua lilikuwa limepanda. Akello alihitaji kivuli ili achore ramani yake safi, na kivuli kilikuwa msikitini tu. Alimwomba Habibah ruhusa. Habibah, ambaye funguo za msikiti zilikuwa kiunoni mwake tangu mumewe afe, alimtazama kichwani. Akello akatoa leso mfukoni, akajifunika, akavua viatu.

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya mikeka. Akello alikaa chini karibu na mlango, akaweka daftari juu ya goti. Alichora ukuta wa msikiti kwanza, mstari mmoja mnyoofu. Alipoinua macho ili ahakikishe, alisita.

"Jaja, nani alitandika hii mikeka?"

"Kwa nini?"

"Imekaa mshazari."

Kweli ilikuwa hivyo. Mikeka haikufuata kuta. Safu zote zilikuwa zimepinda kuelekea kulia, na pembeni zimebaki pembetatu za sakafu tupu. Hata mihrabu, kile kishubaka cha imamu, kilikuwa katikati ya ukuta wa kaskazini, lakini mkeka wa mbele ulikipita ukaelekea pembeni, kana kwamba watu wamegoma kukitazama.

Habibah alicheka mpaka akashika mlango.

"Hiyo ni kosa ya wazee, binti wangu. Watu wa Kambi Pembe tu ndio wangeweza kuifanya. Ngoja nikwambie. Kule pwani walikotoka, Kibla ni kaskazini, moja kwa moja. Ukisimama Mombasa, Makka iko juu yako hivi." Aliinua mkono wima. "Wakatembea miezi mitatu kuja huku, magharibi, magharibi. Wakafika, wakapiga kambi, wakajenga msikiti. Na wakaelekea wapi? Kaskazini! Kama wako kwao bado. Hakuna aliyefikiri kwamba wewe ukisogea, na Makka nayo inakubadilikia."

"Na ilitakiwa kuwa wapi?"

"Kaskazini na mashariki kidogo. Hivyo mikeka inavyosema. Tulisali vile miaka themanini. Mwaka wa sabini na nne akaja mwalimu mmoja kutoka Mbale na dira yake. Akaiweka chini, akasema, ninyi watu mnasali kuelekea Uturuki. Lo! Vita. Baba yangu hakusema na jirani yake miezi sita. Mwisho wakakubali, mikeka ikageuzwa. Ukuta tukauacha. Nani ana nguvu ya kugeuza ukuta?"

Akello alikuwa ameacha kuchora.

"Na maiti, Jaja? Mnazika vipi?"

"Kwa ubavu wa kulia, uso Kibla. Kichwa mashariki, miguu magharibi."

"Waliozikwa kabla ya mwalimu huyo?"

"Walizikwa na Kibla ya wazee, sawa na ukuta. Waliokufa baada ya hapo tumewazika na Kibla ya mikeka. Wale wa kwanza tuliwaacha walivyolala. Utamgeuza mtu aliyekwisha kulala?"

Akello alirudisha kurasa za daftari nyuma. Makaburi thelathini na nne ya zamani: kichwa na miguu sawa, yote, hakuna hata moja lililozidi sentimita tano. Makaburi kumi na tisa ya karibuni: kichwa kimekwenda mbali na ukuta kuliko miguu, kwa nusu mita au karibu yake. Imamu Juma, aliyefariki 1911: nusu mita kamili. Wake zake wawili: nusu mita.

Futi haikuwa imelegea.

Hakumwambia Habibah. Alivaa viatu, akafunga uzi wa fundi kwenye vigingi viwili sambamba na ukuta wa msikiti, akauvuta mpaka kona ya kusini mashariki, akapiga picha kumi na mbili. Habibah alisimama akitazama uzi ukipita juu ya kaburi la Imamu Juma kama mstari wa kukata kosa. Midomo yake ilianza kutabasamu.

"Bado, Jaja," Akello alisema. "Labda huyo imamu alijua zaidi ya wenzake. Lazima kwanza nimuulize mwenye imamu."

Saa tisa alasiri alikuwa Busia. Yadi ya Hajji Jamilu ilikuwa karibu na mpaka, na malori yake sita yalikuwa kwenye foleni ya kuvuka, madereva wakilala chini ya matrela. Jamilu mwenyewe alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kanzu safi na simu mbili. Aliagiza chai ya tangawizi kabla mgeni hajakaa.

"Madam Inspekta! Umetoka mbali kwa ajili ya yule mama. Mimi simchukii, wallahi. Ni mzee, kichwa kimechoka. Akiomba msamaha mbele ya watu, nafuta kesi leo leo."

"Hawezi kuomba, Hajji. Nimemuuliza."

"Basi sheria ifuate njia yake."

"Ndiyo. Ndiyo maana nimekuja kuandika maelezo yako vizuri, yasije yakakataliwa kesho." Akello alifungua ukurasa mpya. "Imamu Juma aliingia Kambi Pembe mwaka gani?"

"Elfu moja mia nane tisini na tano. Na msafara wa kwanza kabisa."

"Alisalisha katika msikiti upi?"

"Ule ule! Kwani kuna mwingine? Aliujenga kwa mikono yake. Ule ukuta wa Kibla, kila tofali ameliweka yeye."

"Alisalisha humo mpaka kufa?"

"Miaka kumi na sita, hakukosa Ijumaa."

"Nani alimzika?"

"Maamuma wake. Watu aliowasalisha. Nani mwingine?"

"Na makaburi hayo yamewahi kukarabatiwa? Kuhamishwa, kujengwa upya?"

Jamilu aliona mtego, au alidhani ameuona. Aliweka kikombe chini.

"Sikiza, madam. Najua yule mama anasema nini, eti nimeyajenga juzi. Andika: hata jiwe moja halijaguswa tangu 1911. Mpaka yeye na jembe lake."

Akello aliandika, akamsomea yote, akampa kalamu. Jamilu alitia sahihi kwa mbwembwe, na mstari chini yake.

"Swali moja la mtu asiye Mwislamu, Hajji. Nimeona makaburi yamelala upande fulani. Mnajuaje?"

"Ah! Hilo ni rahisi." Alichukua simu moja, akaipapasa, akaiweka mezani. Mshale mdogo wa kijani uliyumba, ukatulia. "Kibla. Popote ulipo duniani inakuonyesha. Wazee walitumia nyota, sisi tunatumia hii, lakini Kibla ni moja, haibadiliki."

"Kwa hiyo kaburi la imamu limelala kufuata Kibla hii."

"Barabara! Nenda kapime."

"Nimepima," Akello alisema. "Limelala sawasawa na mshale wako. Tatizo ni ukuta."

"Ukuta gani?"

"Ule aliojenga kwa mikono yake. Hauelekei huko. Unaelekea kaskazini kamili, kama misikiti ya pwani. Imamu Juma alisali akiutazama miaka kumi na sita. Watu aliowasalisha walizika wenzao thelathini na nne sambamba nao, hakuna aliyepinda. Kosa hilo liligunduliwa mwaka 1974. Sasa niambie, Hajji, nitaandika nini? Watu wa mwaka 1911 walimzika imamu wao kwa Kibla ambayo wao wenyewe hawakuijua kwa miaka sitini na tatu mbele?"

Nje lori lilipiga honi. Jamilu aliitazama simu yake, akaigeuza kifudifudi.

"Wewe si wa dini yetu," alisema taratibu. "Utamfundisha nani Kibla?"

"Sifundishi. Nasoma futi tu."

"Fundi," Jamilu alisema ghafla. "Ni fundi. Alirekebisha kidogo tu, kingo zilikuwa zimeporomoka, labda Ofumbi alipindisha…"

Akello alikuwa amekwisha kuandika jina.

"Ofumbi wa wapi?"

"Nataka wakili wangu."

"Ni haki yako. Maelezo uliyotia sahihi yanasema hata jiwe moja halijaguswa. Ukitaka kuyabadilisha, wakili atakuonyesha namna." Alisimama. "Ahsante kwa chai."

"Mama mzima anavunja makaburi, na wewe unamtetea!" Jamilu alimfuata mpaka mlangoni. "Ule mji utajengwa, madam. Mtake msitake. Kambi ya Waarabu waliokufa haiwezi kuzuia ghorofa!"

"Labda," Akello alisema. "Lakini si kwa marehemu huyu."

Kumpata Ofumbi hakukuwa kazi. Stendi walimjua Ofumbi, fundi wa kata ya Kwapa nje ya mji; kata hiyo si kubwa, na mafundi wanaofahamu kujenga kwa udongo na chokaa ni wachache. Akello na askari mmoja walimkuta kabla ya saa kumi na mbili jioni, akimwagilia miche ya kabichi. Alipoona sare alitua ndoo, akakaa juu yake.

"Nilijua tu," alisema. "Hiyo kazi niliikataa mara mbili. Nilimuuliza, Hajji, nani amekufa? Akasema, wewe jenga. Tofali akanipa za ghala. Akanipa na simu, akasema fuata mshale. Nikamwambia Hajji, kwetu kaburi haikai tupu. Ukijenga kaburi tupu, inaita mtu wa kuingia. Mimi nina watoto."

Akello aliielewa hofu hiyo bila kuelezwa. Kirewa mtu akizama na maiti isipatikane, jamaa humchimbia kaburi hata hivyo, na hawaliachi tupu.

"Ukaweka nini?"

Ofumbi aliangalia miguu yake.

"Migomba. Nilikata usiku… hapana, asubuhi mapema, shambani kwangu. Kila kaburi mgomba mmoja, badala ya maiti. Huyo imamu nimempa mkubwa."

Asubuhi yake, saa mbili kasoro, Obore alisoma maelezo ya Ofumbi mara mbili. Alipofika kwenye mgomba mkubwa alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Kisha alipiga simu bodi ya ardhi kuwaambia jalada linakuja, na makaburi hayo sasa ni vielelezo vya jinai. Simu ya pili ilikwenda Busia, kuagiza Jamilu akamatwe, na ilikuwa fupi.

Habibah alikuwa kwenye benchi la kaunta tangu saa kumi na mbili. Alikuwa amekuja peke yake, na shanga zake na chupa ya maji, tayari kwa mahakama. Lakini hakuwa peke yake tena. Nyuma yake waliketi watu tisa wa Kambi Pembe, miongoni mwao yule aliyefunga mlango. Walikuwa wameuona uzi wa Akello jana, na kila aliyewahi kuzika mtu pale alikuwa amesimama, akautazama, akaelewa.

"Tumekumbuka," alisema yule wa mlango, bila kumtazama Akello usoni.

"Vizuri. Mtaandika mmoja mmoja."

Akello alimgeukia Habibah, akamweleza yote kwa mpangilio: vipimo, ukuta, mshale, migomba. Mashtaka hayapo. Kaburi lisilo na maiti si kaburi.

Habibah alisikiliza, shanga zimesimama mkononi.

"Kwa hiyo mimi nilikaribia kufungwa kwa sababu ya ndizi."

"Mgomba, Jaja."

"Na wale wazee wangu na kosa lao. Miaka yote tulilionea aibu. Wageni wakiingia msikitini tunasema, samahani, wazee hawakuwa na dira." Alisimama, akashika kaunta. "Sasa nataka jembe yangu."

"Jembe ni kielelezo. Litabaki mpaka kesi ya Jamilu iishe."

"Itachukua siku ngapi?"

"Miezi, pengine. Kwa nini? Una shamba?"

"Sina shamba," Habibah alisema. Alichukua chupa yake ya maji, akawapita watu tisa wa Kambi Pembe waliokuwa wakimpisha njia, akageuka mlangoni. "Lakini nimevunja moja tu. Yamebaki mawili. Mwambie huyo magistreti asichelewe sana, mimi nipo. Sina mahali pengine pa kwenda, na sijawahi kupatafuta."